Siku za Mwisho za Sayyidna Umar na Tabibu Aliyemwambia Kweli

Twamhimidi Mwenyezi Mungu, na twamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na ahali zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ni desturi ya darasa yetu kusoma maisha ya watu wema waliotutangulia, si kwa kujifurahisha kwa hadithi zao, bali tupate kujipima nao. Mara hii tumemchagua Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), na katika maisha yake tumezichagua hasa siku zake za mwisho, tangu alipopigwa kisu hata alipozikwa. Tumezichagua kwa sababu ya jambo litokealo majumbani mwetu kila mwaka, nalo huzidi uzito linapomkuta mtu wetu akiwa mbali, kama vile Malaba na Busia.

Miji hii miwili iko magharibi kabisa mwa Kenya, mpakani mwa Uganda, na baina yao ni kiasi cha kilomita 30. Malaba ndipo ipitapo reli iliyotoka Mombasa ikafika Kampala mwaka 1931. Busia iko katika njia itokayo Kisumu. Kutoka bandari ya Mombasa hata Malaba ni zaidi ya kilomita 900. Njia ya kwenda pande zile si ngeni kwa watu wa pwani, kwani babu zetu walikwenda na misafara hata Mumias kabla ya reli kujengwa. Leo watu wetu huenda na malori, huenda kwa kazi za forodha, huenda kwa biashara na kwa kusomesha madrasa. Wako wanaokaa huko miaka. Huoa, hukopa na kukopesha, huwekewa amana na watu.

Kisha mmoja wao huugua. Daktari humpima, akaona ni saratani iliyokwisha kuenea, au ini lililokwisha kuharibika, na dawa ya kuponya hapana. Hamwambii mgonjwa. Humwita kando ndugu yake au mwenziwe, akamwambia yeye. Ndugu hupiga simu Mombasa, na wazee wakashauriana, wakakata shauri kuwa mgonjwa asiambiwe, atavunjika moyo. Basi huambiwa ana vidonda vya tumbo, au ni homa tu itapita. Utingo ajua, jirani ajua, hata muuza chai aliyeko mlangoni mwa hospitali ajua. Asiyejua ni mwenye maradhi peke yake.

Anapokwisha zikwa ndipo mambo yanapofumuka. Huja mtu wa Malaba na deni lisiloandikwa. Huja mwanamke na watoto wawili, asema aliolewa kwa mashahidi, na Mombasa hakuna aliyepata kumsikia. Huja mwenye amana, na amana haionekani. Warithi hutazamana, kila mmoja akamshuku mwenziwe, na udugu wa miaka 40 ukakatika kwa siku 40. Na wote waliomficha marehemu walimficha kwa mapenzi.

Je, mapenzi haya ndiyo tuliyofundishwa? Na tumtazame Sayyidna Umar.

UMAR NI NANI

Alikuwa Mkureshi wa ukoo wa Bani Adi. Alizaliwa Makka kiasi cha miaka 13 baada ya Mwaka wa Ndovu. Alikuwa mrefu, mwenye nguvu, na mmoja wa watu wachache wa Makka waliojua kusoma na kuandika. Hapo mwanzo aliupiga vita Uislamu kwa ukali, kisha akasilimu katika mwaka wa 6 wa utume, na tangu siku hiyo ukali wake ukawa ni ngao ya Waislamu.

Alishika ukhalifa baada ya Sayyidna Abubakar mwaka 13 wa Hijra, yaani 634. Katika miaka yake 10 Sham, Iraq na Misri ziliingia katika dola ya Kiislamu, na yeye mwenyewe akenda kupokea mji wa Baitul Maqdis. Yeye ndiye aliyeweka hesabu ya miaka ya Hijra tunayoitumia hata leo, na ndiye aliyeweka madaftari ya kugawa mali ya umma. Pamoja na hayo nguo yake ilikuwa na viraka. Katika mwaka wa njaa, mwaka 18, alijikataza samli na nyama mpaka rangi yake ikageuka, kwani hakuona haki kula kisicholiwa na raia zake.

Sifa yake kubwa ilikuwa kuipenda kweli, hata inapokuja juu yake mwenyewe. Aliyemkosoa mbele ya watu hakufungwa wala hakupigwa. Mtu wa namna hii ndiye aliyekuja kuambiwa habari ya mauti yake.

MPAKANI SARGH

Kabla ya hapo imetupasa kutaja safari moja, kwa kuwa nayo ilikuwa ya mpakani na ya maradhi. Katika zama za tauni ya Amwas, iliyoenea Sham mwaka 18 (639), Sayyidna Umar alitoka Madina kwenda huko. Alipofika Sargh, mpakani mwa Hijazi na Sham, wakuu wa jeshi, naye Abu Ubaida bin Jarrah ni mmoja wao, walimlaki wakamwambia wazi kuwa nchi imeingiwa na maradhi. Hawakumficha kwa kuwa ni khalifa na safari yake ni ndefu. Akawashauri Muhajirina, akawashauri Ansari, akawashauri wazee wa Kikureshi, kisha akaamua kurudi. Abdurrahman bin Auf akaja na mafundisho aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.), kwamba nchi yenye tauni haiingiwi, wala aliyemo hatoki kuikimbia, na Umar akamshukuru Mungu kuwa uamuzi wake umewafikiana nayo.

Waliopita Malaba na Busia mwaka 2020, zama za maradhi ya korona, watakumbuka foleni za malori zilizokwenda mbali na madereva wakingoja kupimwa. Na baina ya miji hiyo kuna Alupe, iliyojulikana zamani kwa hospitali yake ya ukoma, maradhi yaliyofichwa na watu kuliko yote. Mpaka hufundisha kuwa maradhi yasiyosemwa hayazuiliki.

Abu Ubaida alirudi kwa jeshi lake. Umar, kwa kumpenda, alimwandikia kuwa ana haja naye, aje Madina upesi. Abu Ubaida akaifahamu haja hiyo ni nini. Akajibu kwa adabu kwamba hawezi kuwaacha watu wake katika msiba na kuiokoa nafsi yake. Umar alipousoma waraka akalia. Watu wakamwuliza kama Abu Ubaida amekwisha kufa. Akawajibu kuwa hajafa, lakini ni kama aliyekwisha kufa. Haikuchukua muda habari ya kifo chake ikafika. Wanahistoria wa kale wataja kuwa watu 25,000 walikufa katika tauni ile.

KUPIGWA KISU

Mwishoni mwa mwezi wa Mfungo Tatu, mwaka 23 wa Hijra (Novemba 644), Sayyidna Umar alitoka alfajiri kusalisha. Alikuwa amekwisha kunyosha safu na kupiga takbira, ndipo mtumwa wa Mughira bin Shuuba, jina lake Fairuz na kunia yake Abu Luulua, alipomrukia na kumchoma kwa kisu chenye makali pande mbili. Alipokuwa akikimbia aliwachoma watu 13, wakafa 7 kati yao. Alipoona amekamatwa akajiua.

Umar alimshika mkono Abdurrahman bin Auf akamtanguliza, na sala ikamalizwa kwa sura fupi. Kisha akamtuma Ibn Abbas akatazame ni nani aliyemchoma. Alipoambiwa, alimshukuru Mungu kuwa mauti yake hayakuwa mikononi mwa mtu adaiye Uislamu.

Akachukuliwa nyumbani kwake. Watu walikuwa kana kwamba hawakupatwa na msiba kabla ya siku ile. Na hapo hapo, kama ilivyo desturi ya watu, maneno yakawa mawili. Walioogopa walisema wamwogopea. Wengine wakasema hana neno, atapona.

TABIBU

Aliitwa tabibu, akamnywesha maji yaliyorowekwa tende, yakatokea jerahani. Lakini yalikuwa yamechanganyika na damu, rangi zikashabihiana, watu wasipate yakini. Akaitwa tabibu wa pili, Mwansari wa Bani Muawiya. Huyu akamnywesha maziwa. Maziwa yakatoka jerahani meupe vile vile. Hapo shaka ikaondoka. Tabibu akamgeukia mgonjwa mwenyewe, akamwambia aweke wasia wake.

Umar hakumkasirikia. Alimwambia kuwa amesema kweli, na lau angalimwambia jingine angalimwona mwongo. Waliokuwapo waliposikia wakalia, naye akawakataza kumlilia kwa makelele.

Na tulitazame jambo hili vizuri, kwani tabibu yule, ambaye hata jina lake halitajwi katika riwaya hii, ametufunza mambo manne. Kwanza, hakusema kwa kukisia. Alipima kwanza, na palipokuwa na shaka akapima tena. Pili, alimwambia mwenye jambo, hakumwambia mwanawe nyuma ya mlango. Tatu, hakumtajia saa wala siku, kwani hiyo ni ghaibu ya Mwenyezi Mungu. Alimtajia lililompasa kutenda. Nne, alisema kwa maneno machache yasiyo ukali wala mzunguko.

SIKU TATU

Umar aliishi baada ya hapo siku chache, na wengi husema ni tatu. Tazama alilolifanya katika siku hizo.

Alimwita mwanawe Abdullah ahesabu deni lake. Likapatikana ni 86,000 au karibu ya hapo. Akausia lilipwe katika mali ya jamaa zake. Isipotosha, waombwe Bani Adi. Isipotosha, waombwe Makureshi, wala wasivuke hapo. Mtu aliyeshika funguo za hazina ya dola nzima hakutaka deni lake lilipwe na Baitul Mali.

Akamtuma mwanawe kwa Bibi Aisha (R.A.) amwombe idhini azikwe pamoja na wenziwe wawili, Mtume (S.A.W.) na Sayyidna Abubakar. Alimwamuru asimtaje kwa cheo cha Amirul Muuminina, kwani siku ile hakuwa tena amiri wao. Bibi Aisha alikuwa amejiwekea pahali pale, akampa. Juu ya hayo Umar akausia aombewe idhini mara ya pili akiisha kufa, asije kuwa alipewa kwa haya.

Akaliweka jambo la ukhalifa kwa watu sita: Ali, Uthman, Zubair, Talha, Saad na Abdurrahman. Mwanawe akamruhusu kuhudhuria tu, asiwe na fungu katika utawala. Akausia juu ya Muhajirina na Ansari, juu ya watu wa miji na watu wa jangwani, na juu ya raia wasio Waislamu, watimiziwe ahadi yao na wasikalifishwe wasiloliweza.

Hata kijana mmoja aliyekuja kumsifu, Umar alipomwona nguo yake yaburura chini, alimwita akamwusia aipandishe. Mauti hayakumzuia kumnasihi mtoto wa watu.

Alipokufa Suhaibu alimsalia. Bibi Aisha akaombwa idhini tena, akaitoa, na Umar akazikwa kando ya wenziwe.

Sasa na tufikiri. Lau watu wa nyumbani walimzuia tabibu mlangoni, wakamwambia mgonjwa kuwa maziwa yamekaa tumboni, kesho atasalisha, lingekuwaje? Deni lingalibaki bila mlipaji aliyetajwa. Kaburi lisingeombewa idhini. Na umma ungaliachwa bila shauri, huku majeshi yako Misri na Uajemi. Mema yote ya siku tatu zile yalisimama juu ya neno moja la kweli.

HOJA ZA WAFICHAJI

Husemwa kwanza kuwa Umar ni Umar, na mgonjwa wetu ni dhaifu wa moyo. Lakini Umar naye aliogopa. Vitabu sahihi vyaeleza kuwa alikuwa na majonzi makubwa siku zile, na Ibn Abbas akakaa naye akimliwaza. Alimliwaza kwa nini? Kwa mambo yaliyokuwa kweli: usuhuba wake na Mtume, na jinsi alivyofarikiana naye naye yu radhi. Umar akajibu kuwa hayo ni fadhila za Mungu, na kwamba yeye angeridhika atoke sawasawa, pasi na la kumfaa wala la kumdhuru. Basi alikuwa na khofu kama sisi, na tiba ya khofu yake ilikuwa watu kukaa naye, wala haikuwa kudanganywa.

Husemwa pili kuwa kutaja mauti ni uchuro. Neno hili halina asili katika dini. Saad bin Abi Waqqas aliugua sana Makka katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10, akadhani ndiyo mauti, akamwuliza Mtume (S.A.W.) habari ya wasia wa mali yake. Akafundishwa kuwa asizidishe theluthi, nayo theluthi ni nyingi. Je, alikufa? Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akaongoza jeshi la Kadisiya, naye ni katika wale sita aliowataja Umar. Wasia haukumwua. Na kisa hiki ni jibu pia kwa wasemao kuwa daktari huweza kukosea. Ndiyo, huweza, nasi hatukatazwi kutaraji na kuomba dua. Lakini aliyeusia kisha akapona hakupoteza kitu, na asiyeusia kisha akafa amewapotezea wengi.

Husemwa tatu kuwa imepokewa amri ya kumpa mgonjwa matumaini ya umri tunapomtembelea. Riwaya hiyo imo katika Tirmidhi, na yeye mwenyewe ameitaja kuwa ni ngeni, na wanachuoni wameidhoofisha isnadi yake. Hata tukiichukua, kumliwaza ni kumwombea shifaa na kumkumbusha rehema za Mola wake. Hakumo ndani yake ruhusa ya kusema lisilokuwa. Mambo yaliyoruhusiwa kugeuzwa maneno yametajwa, ni vita, na kusuluhisha watu, na maneno baina ya mume na mkewe, na mgonjwa hakutajwa.

Lakini twasema wazi kuwa kweli si rungu. Asiyetaka kujua asilazimishwe kusikia jina la maradhi yake. Aulizwe taratibu apenda kujua kiasi gani, na aulizwe na mtu ampendaye. Pamoja na hayo, kila Muislamu akumbushwe deni, amana na wasia, awe mzima au mgonjwa, kwani haya hayangoji maradhi.

LILILOTUPASA

Sheria ya Kenya nayo yaelekea huko. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamwajibisha mtabibu kumweleza mgonjwa hali ya afya yake, kwa lugha anayoifahamu, ila pakiwa na ushahidi mkubwa kuwa kumweleza kutamdhuru. Basi dereva wa pwani aliyelazwa Busia ana haki ya kuelezwa kwa Kiswahili, yeye mwenyewe, na sisi jamaa zake tusiwe ndio wa kumnyang'anya haki hiyo.

Wala kumwambia mtu kuwa hapana dawa ya kuponya si kumwambia kuwa hapana la kumfanyia. Ng'ambo ya mpaka, mjini Kampala, tangu mwaka 1993 ipo Hospice Africa Uganda, ambayo kazi yake ni kuwapunguzia maumivu wagonjwa wasiotarajiwa kupona, kwa mofini ya kunywa. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika dawa hiyo wenyewe, ili ifike hata vijijini. Kwetu Kenya ilitangulia Nairobi Hospice mwaka 1990, na Mombasa pia ipo Coast Hospice. Aliyeondolewa maumivu huweza kusali, kusema na wanawe, na kuandika wasia. Fedha tunazowapelekea wapiga ramli na waandika talasimu, ili watuahidi uzima wasioumiliki, zingefaa zaidi hapo.

Na ninyi mlioko njiani, madereva na mawakala na wafanya biashara wa mpakani, andikeni leo. Andikeni mnalodai na mnalodaiwa. Andikeni ndoa zenu, wake wasije kukanwa na watoto wasije kukosa fungu lao. Andikeni amana na majina ya wenyewe, mkashuhudishe watu wawili waadilifu, karatasi moja ibaki nanyi na moja iwe nyumbani.

Nanyi mlioko nyumbani, simu ikija kutoka Malaba usiku, msiulize kwanza jinsi ya kumficha. Ulizeni nani aendaye kukaa naye. Mgonjwa mara nyingi ajua, kwa kuwa mwili ni wake. Hunyamaza ili asituhuzunishe, nasi twanyamaza tusimhuzunishe, na baina ya kimya hivi viwili mtu hufa peke yake katika chumba kilichojaa watu.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sayyidna Umar na tabibu yule Mwansari, awaponye wagonjwa wetu, awape mwisho mwema waliofikiwa na ajali zao, na atujaalie ndimi za kweli zenye huruma. Amin.